Kutoka uhasibu hadi ulinzi wa mtandao

Wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, huuza mazao yao kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Mwaka 2024 minada ya korosho ilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na malipo ya mkulima hupitia akaunti ya benki.

Mwizi, basi, hana haja ya kuvunja ghala. Namba ya akaunti ikibadilishwa katika orodha ya malipo, jasho la msimu mzima huishia mikononi mwa mwingine.

Ndiyo maana mhasibu au ofisa wa vihatarishi anayetaka kuhamia fani ya usalama wa mtandao haanzi mikono mitupu. Anajua fedha hupita wapi, na kwamba anayeandaa malipo hapaswi kuyaidhinisha. Kanuni hiyo kongwe ndiyo msingi wa kugawa ruhusa ndani ya kompyuta.

Anachopungukiwa ni ufundi: mitandao inavyofanya kazi, na kusoma kumbukumbu za mfumo. Njia iliyo karibu naye ni ukaguzi wa mifumo. Cheti cha CISA cha taasisi ya ISACA hudai uzoefu wa miaka mitano, ingawa elimu huweza kupunguza sehemu yake. Kufaulu mtihani pekee hakutoshi.

Aidha, azisome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwani orodha ya wakulima yenye majina, simu na akaunti inalindwa kisheria.