Habari za Wapagazi wa Vita, na Haki ya Wajane Wao

Katika mwaka wa Jubilii ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na maaskofu waliotutangulia. Hesabu hiyo ni njema. Lakini iko hesabu nyingine ambayo nchi yetu hii ya kusini, tangu Lindi hata mto Ruvuma, haijaimaliza, nayo ni ya watu waliochukuliwa vitani wasirudi. Tumeona yafaa kuiandika hapa, ili walimu waifundishe na wazee wa makanisa waifikiri.

Vita vya 1914 hata 1918 vilikuwa ugomvi wa mataifa ya Ulaya, lakini fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Wadachi, chini ya von Lettow-Vorbeck, walirudi nyuma mwaka kwa mwaka, na Waingereza wakawafuata, hata vita vikatufikia sisi. Huko Mahiwa, katika nchi ya Lindi, walipigana siku nne, tangu 15 hata 18 Oktoba 1917, na watu zaidi ya 2,000 wa upande wa Waingereza wakauawa au kujeruhiwa, wengi wao askari wa Nigeria na wa Keya. Mwezi uliofuata Wadachi wakavuka Ruvuma.

Je, majeshi hayo yalilishwa na nani? Reli ilikomea mbali, magari yalikwama katika matope, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kikabaki kichwa cha mwanadamu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapata milioni moja, wengi kwa nguvu. Na Wadachi nao walikuwa na wao. Mpagazi alichukua unga na risasi za watu wengine, na posho yake mwenyewe ilikuwa haba. Waliouawa kwa bunduki walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa, na kwa kichomi. Hesabu ya serikali ya wapagazi wa Waingereza waliokufa yapata 95,000, na wataalamu wa historia husema si wote waliohesabiwa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo Kariakoo. Soko la Dar es Salaam lina jina hilo kwa kuwa wapagazi walikaa pale.

Siku zile Masasi ilikuwa chini ya Askofu wa Zanzibar, Frank Weston. Mwaka 1916 alikusanya wapagazi wa Zanzibar, akapewa cheo cha Meja, akaenda nao bara yeye mwenyewe. Na mwaka 1920 aliandika kitabu kidogo cha kuipinga kazi ya lazima waliyotwikwa Waafrika. Mtu aliyetembea pamoja na wachukuzi hakuweza kunyamaza.

Vita vilipokwisha, walioshinda walianza kuwakumbuka wafu wao. Maofisa wa Kizungu walipewa kila mmoja jiwe lenye jina. Mwaka 1927 ikasimamishwa Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam; ni nzuri, lakini haina jina la mtu. Makaburi ya wapagazi yakaachwa yarudi pori. Mwaka 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipotoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, walio wengi wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Tena kuna habari ya mshahara. Wapagazi wengi walikufa kabla ya kulipwa, na fedha nyingi hazikuwafikia jamaa zao. Kwa upande wa Wadachi, Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali mwaka 1964 kuwalipa askari wao wa zamani waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba wazee wapata 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Basi wasio na vyeti walipewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki; wala hakuna aliyekosea. Twafurahi kwa ajili yao. Lakini mjane wa mpagazi angeshika ufagio gani? Mumewe alifundishwa kubeba tu, naye mjane alifundishwa kungoja.

Kwa hiyo twaona kwamba heshima ya watu wa vita ina sehemu mbili: jina liandikwe, na haki iwafikie waliobaki. Sanamu haitoshi kwa yote mawili.

Kati yetu wako waliopigana vita vya Kagera, 1978 hata 1979, na wako wajane wao. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka. Siku nyingine zote ni juu ya majirani zao. Mwalimu ajuaye kuandika amsaidie mjane kutafuta cheti cha ndoa na cheti cha kifo, ili asizuiwe mlangoni mwa ofisi. Wazee wa kanisa waulize nyumba kwa nyumba ni nani aliyekwenda vitani katika ukoo huo, hata kama ni babu wa babu, wakayaandike majina hayo katika daftari moja, pamoja na kijiji na mwaka. Daftari hilo litunzwe mahali pamoja na kitabu cha ubatizo.