Nafasi ya Mwanafunzi katika Maamuzi ya Elimu Afrika Mashariki: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Kabuga, Kigali

Utangulizi

Kabuga ni mji mdogo ulio mashariki mwa Jiji la Kigali, katika Sekta ya Rusororo, Wilaya ya Gasabo. Barabara kuu inayoupitia huelekea Rwamagana na Kayonza, kisha huteremka hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Kwa njia hiyo hupita mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam, na pamoja na mizigo hupita lugha: Kinyarwanda cha wenyeji, Kiswahili cha madereva na wafanyabiashara, Kifaransa cha waliosoma kabla ya mwaka 1994, na Kiingereza cha waliokulia Uganda pamoja na vitabu vya shule vya leo. Mtoto wa Kabuga huzisikia lugha hizi sokoni na kituo cha basi kabla hajafika darasani. Ni lugha ipi atakayofundishiwa, hilo huamuliwa mahali pengine.

Mfano wa kubuni wa familia moja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mtoto wa kwanza alianza darasa la kwanza mwaka 2005. Alisoma miaka mitatu kwa Kinyarwanda, akaingia darasa la nne kwa Kifaransa mwaka 2008, na mwaka 2009, akiwa darasa la tano, akakuta shule imehamia Kiingereza. Wa pili alianza mwaka 2009, akapokelewa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Alipofika darasa la tatu mwaka 2011, sera ilikuwa imekirudisha Kinyarwanda katika madarasa matatu ya mwanzo. Wa tatu alianza mwaka 2012 kwa Kinyarwanda, akavuka kwenda Kiingereza darasa la nne. Wa nne alianza mwaka 2020, baada ya Wizara ya Elimu kutangaza, Desemba 2019, kwamba Kiingereza kingetumika tangu darasa la kwanza. Watoto wanne wa nyumba moja wamepitia njia nne za kuingia katika elimu.

Kila badiliko lilikuwa na hoja zake. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Soko la ajira lilikuwa linabadilika. Na nchi iliyotoka katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ilikuwa ikijenga upya karibu kila taasisi yake. Makala haya hayahoji nia ya mabadiliko hayo. Yanachohoji ni kimya cha upande mmoja: mwanafunzi, ambaye ndiye aliyebeba kila badiliko begani, alikuwa na nafasi gani katika kuliamua? Ili kujibu swali hilo, makala yanarejea historia ya eneo zima. Hoja yanayoitetea ni kwamba wanafunzi wa Afrika Mashariki hawajawahi kukosa sauti kuhusu elimu yao. Kilichokosekana mara nyingi ni mlango wa kuipitishia, na mlango ulipokosekana sauti ilitoka kwa njia nyingine, baadhi yake za maafa.

Madai ya Mwanzo: Maseno na Makerere

Katika ukoloni, shule ya misheni ilijengwa juu ya dhana kwamba mwalimu anajua na mwanafunzi anapokea. Hata hivyo, dhana hiyo ilipingwa mapema. Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya shule ya wamisionari wa Kianglikana kufunguliwa Maseno, magharibi mwa Kenya, wanafunzi waligoma. Walilalamikia wingi wa kazi za mikono na kudai muda zaidi wa kusoma na kuandika. Dai hilo halikuwa la chakula wala la adhabu. Lilihusu kiini cha mtaala: Mwafrika afundishwe nini, na kwa lengo gani?

Makerere, mwaka 1952, mgomo ulianzia kwenye chakula. Abu Mayanja, ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa wanasiasa mashuhuri wa Uganda, alifukuzwa chuoni kwa nafasi yake ya uongozi katika mgomo huo. Ni rahisi kuudharau mgomo wa chakula. Lakini katika taasisi ambayo mwanafunzi haulizwi chochote, sahani huwa ndilo jambo pekee analoweza kulithibitisha mbele ya kila mtu. Malalamiko ya bwenini mara nyingi yamekuwa vazi la malalamiko mengine yasiyo na jukwaa.

Dar es Salaam: Kutoka Maandamano hadi Mtaala

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa taasisi nyingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kipengele kilichowataka wahitimu kupokea sehemu tu ya mshahara wao wakati wa utumishi. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa ukali, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe, na kuwarudisha makwao wanafunzi wapatao 400.

Tukio hilo hukumbukwa zaidi kwa adhabu. Kwa historia ya elimu, yaliyofuata yana uzito mkubwa zaidi. Februari 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo huo Nyerere akachapisha Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi, na wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua kuhusu shamba na miradi yao, chini ya uongozi wa walimu na ndani ya mipaka ya sera ya taifa. Hivyo kiongozi yule yule aliyewafukuza wanafunzi kwa namna walivyosema ndiye aliyeandika kwamba mwanafunzi hujifunza demokrasia kwa kuitenda. Utekelezaji ulikuwa jambo jingine. Katika shule nyingi shamba lilibaki na mipango ikapotea. Mwanafunzi alipewa jembe, hakupewa neno.

Chuoni, mjadala uliendelea. Kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi cha USARF, kilichoanzishwa mwaka 1967 na kuongozwa na Yoweri Museveni, kilidai masomo yanayolingana na hali ya Afrika, na jarida la Cheche lilitoka kuanzia mwaka 1969 hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970. Julai 1971, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa serikali ya wanafunzi, aliondolewa chuoni kwa nguvu baada ya kuukosoa uongozi wa chuo hadharani, na wenzake wakasusia masomo. Swali la nani anayewakilisha wanafunzi katika vyombo vya maamuzi halikuweza tena kuepukwa.

Rwanda: 1973 na 1997

Mtu anayetetea sauti ya wanafunzi nchini Rwanda hana budi kuukabili mwaka 1973. Mapema mwaka huo, kamati zilizojiita za wokovu wa umma zilibandika orodha za majina katika Chuo Kikuu cha Taifa, Butare, na katika shule za sekondari. Waliotajwa walikuwa Watutsi, na agizo lilikuwa waondoke. Wengi walikimbilia Burundi, Uganda, Zaire na kwingineko, na elimu yao ikakatika. Hizo nazo zilikuwa kamati za wanafunzi. Walizungumza, na waliyoyazungumza yaliwanyima wenzao haki ya kusoma.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba wanafunzi wasikilizwe. Historia ya Rwanda inadai masharti: sauti ya wengi isigeuzwe kuwa fimbo ya kuwapigia wachache, na chombo cha wanafunzi kisigeuzwe tawi la wanasiasa walio nje ya uzio wa shule. Mwaka 1973 shule zilikuwa zimeshazoeshwa na dola kuwagawa watoto kwa kabila na kwa nafasi zilizotengwa; kamati zile ziliendeleza somo lililofundishwa na wakubwa.

Jibu la somo hilo lilitolewa na wanafunzi wengine. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, waasi waliivamia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa, wakisema wote ni Wanyarwanda. Walishambuliwa kwa risasi na maguruneti, na baadhi yao wakauawa. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena. Hakuna mtaala uliowaandalia jibu lile. Ufundishaji wa somo la historia ya nchi ulikuwa umesitishwa shuleni baada ya 1994 kwa sababu watu wazima hawakuwa wamekubaliana waufundishe vipi. Vijana wale waliamua wenyewe, na uamuzi wao ulikuwa sahihi kuliko wa wengi waliowatangulia. Taifa linalowaheshimu kwa hilo haliwezi, kwa mantiki, kusema kwamba mwanafunzi wa sekondari bado ni mdogo mno kuulizwa kuhusu kitabu, lugha au ratiba yake.

Kenya: Sheria na Mipaka Yake

Kenya inatoa funzo la tatu. Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika moto uliowashwa makusudi bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mwaka huo kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai kilichunguza nidhamu na machafuko katika shule za sekondari. Baada ya wimbi jingine la migomo mwaka 2008, baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari liliundwa mwaka 2009, na shule zikahimizwa kuachana na viranja wanaoteuliwa na walimu na badala yake wanafunzi wachague viongozi wao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliingiza mwakilishi wa baraza la wanafunzi katika bodi ya usimamizi wa shule.

Hata hivyo, mwaka 2016 zaidi ya shule 100 ziliteketezwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mabadiliko ya kalenda yaliyorefusha muhula wa pili. Sheria ilikuwa imempa mwanafunzi kiti katika bodi ya shule yake, lakini kalenda ilipangwa katika ngazi ambayo hakuwa na kiti. Hakuna hoja inayoweza kuhalalisha moto. Hata hivyo, mshauri wa sera anayeishia kulaani moto peke yake atakuwa amesoma nusu ya ushahidi.

Kurejea Kabuga

Rwanda haianzi patupu. Mkutano wa kitaifa wa watoto umekuwa ukifanyika tangu mwaka 2004. Vijana wana viti viwili katika Bunge lenye wabunge 80. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, uliridhiwa na nchi mwaka 1991. Mtaala unaojikita katika umahiri, ulioanza kutumika mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi afikiri, aulize na atatue matatizo. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi.

Hapa ndipo mkinzano unapojitokeza. Mtaala unamfundisha mwanafunzi kuuliza, ilhali lugha anayopaswa kuulizia huchaguliwa bila yeye kuulizwa. Mwanafunzi asiyeimudu lugha ya darasa hunyamaza, na kunyamaza kwake husomwa kuwa ni ridhaa au uzito wa akili. Kwa hiyo suala la lugha ya kufundishia ni suala la ushiriki kabla halijawa suala la alama za mtihani. Serikali ya wanafunzi inayoendesha mikutano kwa lugha ambayo nusu ya wajumbe wanaihofia itawakilisha wale tu wenye ulimi mwepesi.

Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaelekeza kwenye mapendekezo manne. Kwanza, badiliko lolote la lugha ya kufundishia, kalenda au mtaala litanguliwe na maoni ya wanafunzi yaliyokusanywa katika shule za mjini, vijijini na za pembezoni mwa miji kama Kabuga, na wizara ieleze imeyatumia vipi. Pili, maoni hayo yakusanywe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaimudu. Nchini Rwanda, kwa walio wengi, hiyo ni Kinyarwanda. Tatu, wawakilishi wa wanafunzi washirikishwe katika mambo ya ufundishaji na si usafi na nidhamu pekee, na uwakilishi huo upande hadi ngazi ambako maamuzi hufanyika. Nne, kila chombo cha wanafunzi kifungwe na kanuni inayomlinda mwanafunzi mmoja dhidi ya wengi, ili mwaka 1973 usipate mlango wa kurudia.

Haya hayamwondolei mwalimu mamlaka wala serikali wajibu wake. Mtoto wa miaka saba hawezi kupanga sera ya lugha ya taifa. Anaweza, hata hivyo, kusema ni wakati gani aliacha kuelewa, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna waraka wa Baraza la Mawaziri unaoweza kulijua bila yeye. Mtoto wa kwanza katika mfano wa Kabuga angekuwa na mengi ya kueleza kuhusu mwaka 2009. Kama angeulizwa mapema, pengine mdogo wake asingelazimika kuyajifunza upya.