Wageni wa Kisangani

Jogoo wa pili hajawika, lakini Bengamisa imeshaamka. Barabarani, gizani, unasikia minyororo ya baiskeli na viatu vya plastiki vikipiga udongo. Wanaume wanasukuma. Hakuna anayepanda, kwa sababu pa kukaa hakuna: baiskeli imejaa magunia, mikungu ya ndizi, wakati mwingine kuku waliofungwa miguu wakining'inia kwenye usukani. Kutoka hapa hadi Kisangani ni kilomita 50 na ushei kwa barabara ya taifa namba 4, ile itokayo Buta, ikavuka mto Aruwimi pale Banalia, ikaja kusini kukata msitu.

Magunia mengi ni ya makala. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia kwamba mtu amebeba magunia manne ya makala juu ya baiskeli atadhani ni mwandishi mwenye bidii ya ajabu, lakini huku makala ni mkaa. Mji wa Kisangani unapika kwa makala, na sehemu ya makala hayo inatoka upande huu. Kwa hiyo hawa wasukumaji ndio wageni wa Kisangani wa tangu zamani na wa kila siku, na hakuna kitabu hata kimoja nilichosoma kuhusu mji huo kinachoanza nao.

Vitabu vyenyewe si haba. Kwa mji uliojificha katikati ya msitu, zaidi ya kilomita 1,700 kwa maji kutoka Kinshasa, Kisangani umeandikwa kupita kiasi. Umeandikwa na wapelelezi, wamisionari, mabaharia, wacheza sinema, waandishi wa habari. Karibu wote walifika kwa mto.

Na walifuata mto. Kwingine wageni hufuata majengo: kaskazini ya Italia, mgeni anayekwenda Verona anajua kwamba atakuta uwanja wa Kirumi uliosimama tangu karne ya 1. Venice imechoshwa na wageni wake hata, kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, ikaanza kuwatoza wale wa kutwa euro 5 katika siku za msongamano. Huko watu huenda kutazama mawe yaliyojengwa. Kisangani haina ukuta wa umri huo. Ina maji: maporomoko saba yaliyopangana kwa kilomita 100 hivi, kutoka Ubundu hadi mlangoni mwa mji, na hapo mto unabadilika jina. Juu ni Lualaba, chini ni Kongo. Maporomoko hayo wenyeji huyaita Boyoma.

Poromoko la mwisho ni la Wenya, wavuvi ambao Wazungu waliwaandika Wagenia. Wanachimbia miti mirefu kwenye nyufa za miamba, katikati ya maji yanayokimbia, wanaifunga kwa kamba za msituni, kisha wanashusha migono mikubwa yenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Samaki anayesukumwa na mkondo huingia kwa nguvu za maji yenyewe na kutoka hawezi. Kila mwaka mafuriko huvunja miti, na kila mwaka husimamishwa mingine. Henry Morton Stanley aliikuta hiyo miti Januari 1877, na mchoro wa poromoko la saba umo katika kitabu alichotoa mwaka 1878. Kwangu mimi huo ndio mnara wa kale wa Kisangani, hata kama hakuna mti ndani yake uliofikisha miaka mingi.

Stanley alitumia karibu wiki tatu kuyapita maporomoko hayo, mara akipigana na wenyeji, mara akikata njia msituni ili mitumbwi iburuzwe nchi kavu. Kisha akayapa jina lake mwenyewe. Waliokuwa wakiburuta walikuwa waungwana wa Zanzibar, na kisa kizuri kuliko vyote vya safari ile ni chao. Mtumbwi mmoja ulichukuliwa na mkondo, ukapasuka, na mtu aitwaye Zaidi akabaki ameng'ang'ania ncha ya jiwe ukingoni kabisa mwa poromoko. Kamba zilirushwa zikakatika. Wakajitolea wawili, Uledi, nahodha wa mashua ya Lady Alice, na Marzouk, wakashuka kwa mtumbwi uliofungwa kamba. Zaidi akawafikia, kamba zikakatika tena, wote watatu wakatupwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe katikati ya ngurumo. Walilala hapo usiku kucha. Kesho yake ndipo wakavutwa, mmoja mmoja. Maporomoko yangeitwa ya Uledi, nani angelalamika?

Waungwana hao walibeba shanga, maana msafara bila shanga haukula. Nyingi zilikuwa zimetoka Venice, zikiwamo zile nyekundu walizoziita samesame, zikapitia Zanzibar kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuingia bara vichwani mwa wapagazi. Venice ilifika Lualaba kabla mtu wa Lualaba hajasikia jina lake. Upande mwingine pia kuna deni dogo: Giovanni Miani, mtu wa Rovigo karibu na Venice, aliyekufa mwaka 1872 katika nchi ya Wamangbetu, kaskazini-mashariki ya hapa, alikuwa ameipa Venice vitu alivyokusanya katika safari za awali za mto Nile. Viko hadi leo katika makumbusho ya viumbe na mazingira ya mji huo. Watalii wengi hupita nje ya mlango huo wakitafuta kivuli.

Kituo cha Wazungu kilianzishwa penye maporomoko Desemba 1883. Stanley alimwacha mhandisi wa Kiskoti, Binnie, kwenye kisiwa, na Kisangani ni neno la kisiwani. Lakini wakubwa wa eneo walikuwa watu wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar. Agosti 1886 kituo kilishambuliwa kikateketea. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, badala ya kupigana, akamwajiri mwenye nguvu: Februari 1887 huko Zanzibar Tippu Tip aliandikishwa kuwa wali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Fedha hizo kwake zilikuwa za tumbako.

Na huyu, tofauti na wengine, aliandika kwa lugha yetu. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, yalichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Ukiyasoma kwa kutafuta giza, ngurumo na msitu wa kutisha, utayaweka chini. Yeye anahesabu frasila za pembe, anataja nani ana deni, nani ni ndugu wa nani, nani kamsaliti. Msitu kwake ni njia. Hao waliomilikiwa na kuuzwa njiani hawakupewa nafasi ya kuandika, na yeye haandiki juu yao kwa huruma. Hata hivyo ukimaliza unajua mji uliishije, jambo ambalo ushairi wa wageni wengine haukupi.

Hapo ndipo Banalia, wilaya ambayo Bengamisa imo ndani yake, inapoingia vitabuni, kwa aibu. Juni 1887 Stanley, akienda kumwokoa gavana Emin Pasha, aliacha kikosi cha nyuma Yambuya, kando ya Aruwimi, chini ya Meja Edmund Barttelot. Wangoje wapagazi wa Tippu Tip. Wakangoja karibu mwaka mzima. Watu walikufa kwa njaa na maradhi, wengine walikufa kwa viboko. Barttelot alikwenda na kurudi Stanley Falls kudai wapagazi, akikata msitu ambao wasukuma baiskeli wa leo wanaupita kwa upande mwingine. Juni 1888 kikosi kiliondoka hatimaye. Tarehe 19 Julai, alfajiri, hapo Banalia, meja alitoka hemani kwa hasira kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa akipiga ngoma. Mume wa mwanamke, jina lake Sanga, akamfyatulia bunduki. Sanga alihukumiwa Stanley Falls akapigwa risasi. Stanley aliporudi na kufika Banalia tarehe 17 Agosti alikuta kambi ya mifupa inayopumua na Mzungu mmoja tu, William Bonny.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1890, meli ndogo ya mvuke iitwayo Roi des Belges ilitia nanga penye maporomoko. Mmoja wa mabaharia wake alikuwa Mpolandi aliyekuja kuitwa Joseph Conrad. Tippu Tip alikuwa ameshaondoka mwaka uleule kurudi Zanzibar, wala hakuja tena; alifia huko mwaka 1905. Conrad alikaa siku chache, akiugua, na meli ikarudi na mgonjwa mwingine, wakala wa pembe aitwaye Klein, aliyekufa njiani. Kutoka siku hizo chache kikazaliwa Heart of Darkness, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1899. Tangu hapo kila mwandishi anayeteremka Kisangani anakuja na kitabu hicho mfukoni, na anaona kilichomo kitabuni. Uzeeni Conrad alisimulia jinsi usiku ule, akivuta kiko na kusikia maji kwa mbali, alivyokumbuka ahadi yake ya utotoni, kidole juu ya ramani, kwamba siku moja atafika hapa. Alifika akakuta wizi wa pembe. Namheshimu kwa kulisema hilo. Lakini mji alioufikia ulikuwa na mashamba ya mpunga, misikiti, masoko, watu wa lugha mbalimbali. Hayo hakuyaona, au hayakumfaa.

Wabelgiji waliwavunja nguvu Waarabu wa maporomoko, yaani watu wa Tippu Tip, Mei 1893. Padre Gabriel Grison akaja Krismasi ya 1897 na kuanzisha misheni ya Saint-Gabriel. Reli ya kukwepa maporomoko, hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ilimalizika mwaka 1906, kilomita 125. Stanleyville, jina la Kisangani la wakati wa ukoloni, ikawa na hoteli, na hoteli zikaleta watu wa sinema. John Huston alipita mwaka 1951 na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenda kupiga The African Queen kwenye mto Ruiki. Mwaka 1958 akaja Hepburn mwingine, Audrey, kwa ajili ya The Nun's Story. Miaka michache kabla ya huyo wa pili, posta ya mji ilikuwa na karani aliyesoma kila kitu kilichomfikia, Patrice Lumumba. Kati ya wote waliowahi kufika Kisangani kutoka kwingine, naye alitoka Kasai, ni yeye aliyeacha alama kubwa, na hakuja kutalii.

Agosti 1964 waasi walioitwa Simba waliuteka mji, na wageni wakawa mateka. Hoteli Victoria, iliyokuwa ya starehe, ikawa gereza, hadi askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka tarehe 24 Novemba kutoka ndege za Marekani. Waliouawa siku zile, weusi kwa maelfu na Wazungu kwa makumi, hawakuombolezwa kwa kipimo kimoja.

V. S. Naipaul alifika mwaka 1975, baada ya Rais Mobutu kuwapokonya wageni maduka yao, akatoa A Bend in the River mwaka 1979. Mji hakuutaja jina, ila kila mtu wa Kisangani anaujua. Shujaa wake, Salim, ni mtu wa pwani yetu, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, anayeingia bara kwa gari kufungua duka. Hilo linanipendeza: angalau mmoja hakuja kwa mto. Ila naye anatazama kichaka kana kwamba kinakuja kumla, na watu wa vijijini wanapita dukani kwake kama vivuli.

Kisha wakaja wageni wenye mizinga. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka. Daraja la mto Tshopo, lile ambalo mtu wa Bengamisa lazima avuke, lilikuwa njia ya vita. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vile vya miaka ya 1998 hadi 2003. Kisangani watu bado wanazungumzia vita vya siku sita kama jambo la juzi.

Mgeni wa leo, akifika, hupelekwa kwa Wenya. Atatoa chochote, kijana atamwingiza mtumbwini, atapiga picha za migono. Mjini atazunguka nyuma ya baiskeli ya toleka, teksi ya miguu miwili ambayo jina lake kwa Kilingala ni twende, ingawa pikipiki zimeanza kuifukuza. Atakula lituma na samaki. Ukimuuliza ameona nini atataja mto.

Msukumaji wa Bengamisa hakuangalia mto. Ameingia kwa daraja la Tshopo jasho likimtoka, ameuza makala kwa kubishana hadi gunia la mwisho, amekunywa chai kwa mama wa kibandani anayemjua kwa jina. Kisha anarudi na chumvi, sabuni, dawa za mtoto, labda samaki mmoja mkavu aliyefungwa kwenye jani. Akifika ng'ambo ya daraja anasimama, anakagua tairi, anakaza kamba. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu atoke Bengamisa, anaipanda baiskeli yake.