Kocha Aliyekosekana Montreal

Septemba 2, 1972, Wasovieti waliwachapa Wakanada mabao 7-3 mjini Montreal, nyumbani kwa hoki ya barafuni. Mashabiki walipigwa na butwaa. Lakini kocha aliyeisuka timu ile ya Kisovieti hakuwa benchi. Miezi 7 tu kabla yake, huko Sapporo, alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki. Kocha wa namna hiyo anawekwaje kando?

Nilianzia kwenye takwimu zake za uchezaji. Ligi ya kwanza ya Kisovieti, msimu wa 1946-47: mfungaji bora ni yeye, mabao 14, huku akiwa mchezaji na kocha kwa pamoja. Alikulia kwenye hoki ya Kirusi, ya watu 11 kila upande, kwenye barafu pana kama uwanja wa soka. Hapo ndipo pasi zake nyingi zilipozaliwa. Basi doa liliingilia wapi?

Wengi hutaja Mei 11, 1969. Bao la timu ya jeshi aliyokuwa akiifundisha lilikataliwa, naye akawatoa wachezaji barafuni, kiongozi wa nchi akiwa jukwaani. Alivuliwa cheo chake cha heshima. Lakini akarudishiwa, kisha akatwaa ubingwa wa dunia 1970 na 1971. Njia hiyo imeziba. Je, Sapporo kwenyewe?

Inasimuliwa kwamba aliombwa atoke sare na Chekoslovakia katika mechi ya mwisho, akakataa. Nikafungua msimamo wa mashindano. Sare ingewaachia Wasovieti dhahabu na kuwapa Wachekoslovakia fedha. Wasovieti walishinda 5-2, na fedha ikaenda Marekani. Hesabu inakubaliana na simulizi, ila matokeo yaleyale yangepatikana hata kama hakuna aliyeomba lolote. Tuamini hesabu au uvumi?

Toleo jingine lasema alichoka, akaomba kupumzika. Hili nalipa uzito mdogo zaidi. Aliendelea kuifundisha timu ya jeshi hadi 1974, na mazoezi yake hayakuwa ya mtu aliyechoka: wachezaji walibeba vyuma na kubebana mgongoni. Aliyechoka hufanya hivyo?

Aprili 1972, bila yeye, Wasovieti waliupoteza ubingwa wa dunia mjini Prague baada ya kuushika miaka 9 mfululizo. Septemba 28, mfululizo wa mechi ulioanzia Montreal ulipoishia Moscow, Kanada ilipata bao la ushindi, 6-5, zikiwa zimebaki sekunde 34. Yeye angewapanga vipi mabeki wake sekunde zile?