Hita ya tangi la samaki: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

WAFUGAJI wa samaki wa mapambo wanaoishi nyanda za juu hukabiliwa na tatizo moja kila msimu wa baridi: maji ya tangi kupoa kupita kiasi.

Jijini Nairobi, lililoko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, joto la usiku mwezi wa Julai hushuka hadi takriban nyuzi 12. Ilhali samaki kama vile guppy, tetra na wale wa asili ya Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika huhitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27. Maji yakipoa, samaki hudorora, hula kidogo na hushambuliwa kwa urahisi na ugonjwa wa madoa meupe.

Mkazi wa Mombasa aghalabu hahitaji hita. Vivyo hivyo kwa anayefuga samaki wa dhahabu, ambao hustahimili baridi.

Kwa wengine, jambo la kwanza ni kujua ujazo wa tangi. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 1,000. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 hubeba lita 112. Kanuni ya kawaida ni wati moja kwa kila lita, na zaidi kidogo iwapo chumba ni baridi sana.

Wengi hudhani kuwa hita kubwa ndiyo bora. Hilo ni kosa. Ndani ya hita mna themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima umeme kulingana na joto la maji. Swichi hiyo huchakaa, na mara nyingine hunasa ikiwa imewaka.

Hita ya wati 300 ikinasa katika tangi la lita 100, inaweza kuongeza joto kwa zaidi ya nyuzi mbili kila saa. Kwa usiku mmoja samaki wote watakuwa wamekufa. Ile ya wati 50 haiwezi kuongeza hata nusu nyuzi kwa saa, na sehemu ya joto hilo hupotea hewani.

Kwa sababu hiyo, wafugaji wenye uzoefu hupendelea hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikinasa, haina nguvu ya kuwachemsha samaki. Ikizimika, ya pili huyazuia maji yasipoe ghafla. Mwenye uwezo anaweza pia kununua kifaa cha nje cha kudhibiti joto, ambacho hukata umeme themostati inaposhindwa.

Unapokuwa dukani, hakikisha hita imetengenezwa kwa umeme wa volti 240, inaweza kuzamishwa majini kabisa na ina alama inayoonyesha kiwango cha chini cha maji. Chagua inayojizima yenyewe maji yanapopungua. Hita za kioo ni za bei nafuu lakini huvunjika. Za titani hudumu zaidi katika tangi la samaki wakubwa.

Aidha, nunua kipimajoto cha kando. Nambari zilizoandikwa kwenye hita si za kutegemewa pekee. Ijaribu hita kwa siku nzima kabla ya kutia samaki.

Iweke karibu na mahali maji yanapotoka kwenye chujio ili joto lisambae. Waya uninginie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone ya maji yasiingie kwenye plagi. Nyumba iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja.

Kabla ya kutia mkono majini, chomoa hita. Kabla ya kubadilisha maji, subiri ipoe kwa nusu saa, kwani kioo chenye moto kikiachwa bila maji hupasuka.

Umeme ukipotea, funika tangi kwa blanketi. Usimwage maji moto ndani, kwani mabadiliko ya ghafla huwadhuru samaki kuliko baridi yenyewe.