Boo.com: Duka Lililowachosha Wateja Mlangoni
Duka la mtandaoni la Boo.com lilifunguliwa London mnamo Novemba 1999 na Waswidi watatu, likiuza mavazi ya mitindo na ya michezo. Waliolitaka walikuwa wengi. Tatizo lilikuwa tovuti yenyewe: ilijaa picha za kuzungusha pamoja na Miss Boo, msaidizi wa katuni, ilhali wateja wengi walitegemea modemu za simu zenye kasi isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde. Kurasa zilichelewa mno kufunguka, na mwanzoni wenye kompyuta za Macintosh hawakuweza kuitumia. Watu waliondoka bila kununua, na lawama hiyo ni ya wabunifu, si ya wateja. Baadaye tovuti ilirahisishwa, lakini fedha zilikuwa zimekwisha. Kampuni ilifilisika Mei 2000, ikiwa imetumia takriban dola milioni 135.