Ukolevu wa rangi ya divai

Ukolevu wa rangi ya divai ni kiwango ambacho rangi ya divai imekolea au ni hafifu inapotazamwa katika glasi. Ni kati ya mambo ya kwanza ambayo mwonjaji huandika, kabla ya harufu na ladha. Ukolevu ni tofauti na rangi yenyewe: divai mbili zinaweza kuwa nyekundu, lakini moja ikapitisha mwanga na nyingine ikauzuia.

Kupima kwa macho

Divai zinazolinganishwa humiminwa kwa kiasi kilekile katika glasi za umbo moja, kwa sababu divai ikiwa nyingi huonekana imekolea zaidi. Glasi ya kuonjea iliyowekewa kiwango na ISO mwaka 1977 ina ujazo wa mililita 215 hivi, lakini hutiwa mililita 50 tu. Glasi huinamishwa kwa nyuzi 45 hivi juu ya karatasi nyeupe, mahali penye mwanga wa kutosha.

WSET, taasisi ya elimu ya divai iliyoanzishwa London mwaka 1969, hufundisha ngazi tatu: hafifu, wastani na iliyokolea. Divai nyekundu ambayo rangi yake inafika hadi ukingoni huhesabiwa kuwa imekolea. Divai nyeupe huonekana kama maji ukingoni. Ukingo huo ukiwa mpana, rangi ni hafifu.

Kupima katika maabara

Spektrofotomita hupima kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na divai. Kwa divai nyekundu hutumika mawimbi ya nanomita 420, 520 na 620, yanayohusiana na sehemu za manjano, nyekundu na buluu za rangi yake. Jumla ya vipimo hivyo vitatu ndiyo ukolevu. Kipimo cha 420 kikigawanywa kwa cha 520 huonyesha jinsi divai inavyoelekea rangi ya kahawia.

Sababu za tofauti

Rangi ya divai nyekundu hutokana na antosianini zilizomo katika maganda ya zabibu. Ukolevu hutegemea aina ya zabibu, muda ambao maganda hulowekwa, kiwango cha asidi na matumizi ya dioksidi ya sulfuri. Kadiri miaka inavyopita, divai nyekundu hupungua rangi, ilhali nyeupe hukolea.

Ukolevu na ubora

Ukolevu si kipimo cha ubora. Zabibu za Pinot Noir na Nebbiolo hutoa divai zenye sifa kubwa ingawa rangi yake mara nyingi si nzito. Hata hivyo macho huathiri pua. Katika jaribio la Bordeaux, Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2001, waonjaji 54 walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliieleza harufu yake kwa maneno ya divai nyekundu. Kwa sababu hiyo baadhi ya majaribio ya uonjaji hutumia glasi nyeusi, ili harufu na ladha zipimwe bila msaada wa macho.